Musaga: Maji Yateremkayo na Dawa Zilizoshindwa

Kusini mwa jiji la Bujumbura, pale ambapo nchi tambarare ya ufukoni mwa Ziwa Tanganyika inapoanza kuinuka kuelekea milima ya Burundi, ndipo ulipo mtaa wa Musaga. Barabara kuu nambari 7, iendayo Ijenda, Matana na hatimaye Rutana, inapita hapo. Alfajiri huteremka kwayo viazi, kabichi na ndizi kutoka nchi ya juu. Jioni hupanda watu waliomaliza kazi zao mjini. Gasekebuye, Gikoto, Gitaramuka, Kamesa na Kinanira ni majina ya vitongoji vyake. Kirundi ndicho lugha ya nyumbani, lakini sokoni Kiswahili hakikosi msikilizaji.

Mgeni akisimama mahali palipoinuka na kutazama magharibi, huliona ziwa lote limetandazwa mbele yake, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Ziwa hilo liko yapata mita 770 juu ya usawa wa bahari. Urefu wake unapita kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Ni mandhari ya kupendeza, lakini inafunza pia: yote yaliyo juu huteremka, na yote yateremkayo huishia ziwani.

Musaga umekaa kati ya mito miwili, Muha na Kanyosha. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mito hiyo huwa mikondo midogo kati ya mawe, na mtu huweza kuivuka akiwa amekunja suruali. Mvua zikija, hugeuka kuwa maji mekundu yenye nguvu yanayokula kingo na kutishia nyumba zilizojengwa karibu. Maji hayo hayabebi udongo peke yake. Hubeba taka za soko, maji ya kufulia na yale yaliyofurika vyooni. Nalo shirika la maji la REGIDESO huvuta kutoka ziwani sehemu kubwa ya maji ya jiji, huyasafisha, kisha huyasukuma kwa mabomba hadi mitaani. Hivyo mwenyeji wa Musaga na ziwa wanapeana maji kila siku, ingawa hawakuandikiana mkataba.

Katika kupeana huko yamo mambo yasiyoonekana kwa macho. Mtu anywapo dawa ya kuua bakteria, si yote inayotumika mwilini. Nyingine hutoka pamoja na choo, na pamoja nayo hutoka wale bakteria walioizoea. Bakteria hawa sugu ndio msiba uliokwisha kuipiga Burundi zamani, kabla nchi nyingi hazijautambua.

Mwishoni mwa mwaka 1979 ugonjwa wa kuhara damu ulizuka mashariki ya Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Haukukawia kuenea Rwanda, Burundi na Tanzania. Msababishaji wake alikuwa bakteria aliyegunduliwa na tabibu wa Kijapani, Kiyoshi Shiga, mwaka 1897, na ambaye jamii yake ilipewa jina la Shigella. Bakteria huyu ni mkali mno. Ugonjwa mwingine huhitaji vijidudu maelfu kwa maelfu ili mtu augue. Huyu hutosheka na vichache, kati ya kumi na mia moja. Kwa hiyo mkono mmoja usiooshwa waweza kuangusha nyumba nzima.

Waganga walitumia dawa walizokuwa nazo. Tetrasaikilini na kloramfenikoli, ambazo hapo awali zilisifiwa, hazikufua dafu. Wakashika kotrimoksazoli, nayo ikasaidia kwa muda mfupi, kisha ikashindwa. Wakageukia asidi ya nalidiksiki, na kwa miaka kadhaa ikawa ndiyo tegemeo. Lakini ilipofika mwaka 1990, wataalamu waliowachunguza wagonjwa wa Kibuye, huko Burundi, walikuta kwamba bakteria huyo ameshinda dawa zote za kumeza zilizokuwa zikitumika nchini. Ndani ya takriban miaka kumi ghala la dawa lilikuwa limegeuka ghala la unga mweupe usio na kazi.

Wataalamu hao hawakuishia kuhesabu dawa zilizoshindwa. Waliuliza pia ni nani aliyeugua, na kwa nini. Miongoni mwa mambo waliyoyaona yakiambatana na ugonjwa ni kutumia kitambaa kujisafishia baada ya haja, na kutonawa mikono kabla ya kuandaa chakula. Msomaji wa kurasa za nyumbani atayapima maneno hayo kwa uzito wake. Pale ambapo dawa kutoka viwanda vya ng'ambo zilishindwa, sabuni na maji vilikuwa bado vina nguvu yake. Bakteria aweza kujifunza kuishinda asidi ya nalidiksiki; kipande cha sabuni humwondoa mkononi vilevile kama kilivyomwondoa babu yake.

Usugu wenyewe hauna uchawi. Katika kundi kubwa la bakteria huwamo wachache ambao kwa maumbile yao dawa haiwaui. Dawa ikitumiwa ovyo, au dozi ikikatizwa, wale dhaifu hufa na hao wachache hubaki na shamba lote kwa ajili yao, wakazaana. Zaidi ya hayo, bakteria hupeana vipande vya urithi vyenye siri ya kushinda dawa, hata wakiwa wa jamii mbalimbali. Wajapani waligundua jambo hili kwa Shigella huyohuyo katika miaka ya 1950. Kwa sababu hiyo, bakteria asiye na madhara katika tumbo la mtu mzima, au katika matope ya mto, aweza kuwa mwalimu wa bakteria anayeua.

Mambo haya hayaishii kwa binadamu, wala katika maji baridi. Katika Ras Al-Hadd, pembe ya mashariki ya Oman, kasa hupanda pwani usiku kutaga mayai, kila mmoja yapata mia kwa mara moja, kisha hurudi baharini. Hakuna tabibu aliyewahi kuwapa vidonge. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walipoyachunguza mayai yao, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, walikuta humo bakteria wasioogopa dawa kadhaa, ampisilini ikiwamo. Waliitafsiri hali hiyo kuwa dalili ya maji machafu yafikayo baharini. Uchunguzi wa kasa katika bahari za Italia na Australia nao umewaonyesha wabebaji wa bakteria wa namna hiyo. Kasa huishi miaka mingi na huogelea masafa marefu. Anachokibeba ni ushahidi wa yale ambayo watu wa nchi kavu wameyatupa.

Ziwa Tanganyika halina kasa wa baharini. Lakini lina sifa moja inayolifanya liwe la kuhurumiwa kuliko bahari. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, ambao hupeleka maji Lualaba, na kutoka huko kwa mto Kongo hadi Atlantiki. Maji yatokayo kwa njia hiyo ni kidogo. Mengi zaidi hupaa kwa mvuke wa jua, yakiacha nyuma yale yaliyobebwa. Bahari yaweza kuutawanya uchafu, ziwa huuweka. Na katika ziwa hilohilo ndimo watokamo ndagala na mukeke wanaouzwa katika soko la Musaga.

Anayedhani kuwa hayo ni ya zamani na akumbuke Goma ya mwaka 1994. Wakimbizi wa Rwanda walipofurika huko mwezi wa Julai, kipindupindu kilianza, kikafuatwa na kuhara damu kwa bakteria waliozishinda dawa za kawaida. Watu karibu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza. Na akumbuke kwamba Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu mjini Bujumbura. Ndani ya Musaga lipo gereza la Mpimba, lililojengwa kwa wafungwa 800, nalo kwa miaka mingi limekaa watu mara kadhaa ya idadi hiyo. Mahali pa msongamano kama hapo, ugonjwa usiosikia dawa hauhitaji kubisha hodi. Duniani kote, hesabu za wataalamu zinaonyesha kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria sugu.

Yapo yanayohitaji mkono wa serikali na fedha nyingi: mifereji, vyoo, mitambo ya kusafisha maji machafu, maabara za kupima ni dawa ipi ingali na nguvu. Lakini yapo pia ya jikoni na uani. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, na yachotwe kwa kikombe chenye mpini. Choo kifunikwe, inzi wasipate njia.

Mtoto aharapo maji matupu, kinachomwokoa kwanza si kapsuli bali maji, sukari na chumvi: katika lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, huku akiendelea kunyonya na kula. Lakini akitoa damu, au akiwa mlegevu, apelekwe kwa mganga bila kuchelewa. Dawa atakayoandikiwa imalizwe kama alivyoagizwa. Isigawanywe na jirani, isiwekwe akiba kwa homa ijayo, wala isinunuliwe kapsuli mbili mbili kwa kubahatisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Burundi imekwisha kuujenga ukuta huo mara moja, kwa gharama ya roho za watu. Mito ya Muha na Kanyosha itazidi kuteremka kila masika, wala hakuna awezaye kuizuia isifike ziwani. Kinachowezekana ni kuchagua itakachobeba.