Chapa ni Ahadi

Kiswahili hutumia neno moja kwa mambo mawili. Chapa ni alama itiwayo juu ya kitu ili kijulikane ni cha nani. Na chapa ni kazi ya mashine iandikayo maneno na picha juu ya karatasi au nguo. Mgeni wa lugha huweza kudhani kuwa huo ni uhaba wa maneno. Walakini sokoni mambo hayo mawili hayatengani. Jina la mwuzaji hukaa ndani ya wino wake, na wino ukiharibika jina halisalimiki.

Ushahidi wa neno hili hauhitaji kutafutwa mbali. Mwanamke anunuaye kanga katika Biashara Street, mtaa wa Mombasa wenye sifa ya maduka ya nguo hizo, haikunjui doti kwa ajili ya kusoma jina peke yake. Huigeuza nguo atazame kama rangi imepenya upande wa pili au imeelea juu tu. Hulifuata pindo kwa kidole kutoka pembe hata pembe, aone kama limenyoka. Hutazama kama mstari mweusi umelizunguka ua jekundu sawasawa, au umeliacha kando likiwa na ukingo mweupe. Mwisho huusugua mji wa kanga kati ya vidole, ajue kama uzito wake ni wa pamba au ni wa uwanga utakaotoka kwa maji ya kwanza. Kwa dakika chache amekwisha kutoa hukumu, naye hakuuliza swali hata moja.

Hukumu hiyo si ya upuuzi. Mnunuzi hawezi kuifua kanga dukani, wala hawezi kuivaa mwaka mzima kabla ya kuilipia. Jambo alitakalo kulijua, yaani uimara wa nguo, limefichika. Jambo lililo wazi mbele yake ni chapa. Basi hulipima lililofichika kwa lililo wazi. Hujiambia moyoni kuwa mtu asiyejali mstari uonekanao na kila jicho, yamkini hakuujali uzi usioonekana na jicho lolote.

Na mara nyingi kipimo hicho husema kweli, kwa sababu kosa la chapa lina asili yake katika haraka. Katika kazi ya skrini kila rangi hupigwa kwa skrini yake, na kila skrini lazima iangukie mahali pale pale ilipoangukia ya kwanza. Nguo ikisogea kidogo tu, nyekundu hutoka nje ya mpaka wa nyeusi. Kadhalika baada ya kupigwa chapa, nguo yenye rangi za kushikamana na uzi hutiwa katika mvuke ili rangi ishike, halafu huoshwa ili ile isiyoshika iondoke. Kiwanda kikifupisha mvuke au kikibana maji kwa ajili ya faida, kazi kilichoikimbia huhamia nyumbani kwa mnunuzi. Huko beseni hugeuka jekundu, na nguo nyeupe za watoto hulipa deni la mtu mwingine.

Wafanya biashara wa pwani walilijua hili mapema. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake Mombasa katika mwaka 1887, na kanga zake zikatambulikana kwa maneno mafupi: Mali ya Abdulla. Maneno hayo hayakuwa na sifa wala majivuno. Hayakusema nguo ni nzuri, wala rangi ni imara. Yalisema tu mali ni ya nani, na kumwachia mnunuzi ajue wa kumlaumu au wa kumshukuru. Mtu atiaye jina lake juu ya nguo ameliweka rehani katika kila nyumba itakamoingia nguo hiyo.

Rehani hiyo ilikuwa nzito zaidi kwa kuwa kwa miaka mingi kanga zilipigwa chapa ng'ambo, katika India, Ulaya na Ujapani, kabla ya viwanda vya Afrika Mashariki kushika kazi hiyo. Mathalani kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina, kilifunguliwa katika mwaka 1968. Kabla ya hapo, jina la mwuzaji wa pwani lilikuwa mikononi mwa fundi asiyemwona mnunuzi, na aghalabu asiyejua hata neno moja la maandishi aliyokuwa akiyapiga.

Na maandishi ya kanga si pambo. Kanga hununuliwa kwa ajili ya mwenyewe, lakini pia hununuliwa kwa ajili ya kutoa. Mama humpa binti aolewaye. Jirani humpa jirani aliyejifungua. Mtu humpa mwenziwe kanga iseme jambo ambalo ulimi umeshindwa kulisema. Katika zawadi hiyo herufi moja ina nguvu kubwa. Kanga iliyokusudiwa kusema kuwa penye nia pana njia, ikipigwa chapa kwa uzembe, huweza kusema kuwa penye nia pana njaa. Kicheko kitakachotoka hakitamfika fundi wa mbali. Kitamwangukia mtoa zawadi, aliyejinyima ili ainunue. Naye hatalisahau duka lililomwuzia aibu. Hapo ndipo mtu aonapo kuwa mwuzaji haweki rehani jina lake pekee. Huweka na la mnunuzi wake.

Walakini jicho lina udhaifu wake. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mlaghai aujuaye usemi huu hujifunza kupiga chapa vizuri. Huiga alama ya mwenziwe, pindo kwa pindo na ua kwa ua, juu ya pamba hafifu. Katika nguo, hasara ya udanganyifu huo ni fedha na uchungu wa moyo. Katika vitu vingine hasara ni roho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, ziliuzwa pakiti za vidonge bandia vya artesunate, dawa ya malaria. Baadhi ya pakiti hizo zilibandikwa hata nembo ya kumetameta iliyoigizwa, nembo ambayo iliwekwa na mtengenezaji wa kweli ili kuwazuia waigaji. Mgonjwa aliyeitazama pakiti aliona uangalifu, kumbe ndani hamkuwa na dawa. Katika mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja katika kila kumi ama ilikuwa ya bandia ama ilipungukiwa na ubora.

Basi chapa nzuri si ubora wenyewe. Ni ahadi ya ubora. Anayeuza kitu chema kwa chapa mbaya hukidhulumu kitu chake, maana ameahidi kidogo kuliko alicho nacho, na watu watampita. Anayeuza kitu kibaya kwa chapa nzuri huwadhulumu watu, maana ameahidi asichokuwa nacho. Wa kwanza ni mzembe na wa pili ni mwizi, lakini wote wawili huliharibu soko kwa namna moja: humfundisha mnunuzi kutoliamini jicho lake. Na mnunuzi asiyeliamini jicho lake hamwamini mtu yeyote, hata yule aliye mwaminifu.

Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huu ni wa kweli, lakini ukweli wake huchelewa kidogo. Siku ya kwanza chema na kibaya huweza kukaa juu ya meza moja, vimekunjwa sawa na kung'aa sawa. Tofauti yao huanza kuonekana siku ya kufua. Mwanamke huichovya kanga yake majini, huisugua, huikamua, kisha huyatazama maji kabla ya kuyamwaga. Yakiwa meupe, huianika kanga kambani na kulikumbuka duka. Yakiwa mekundu, hulikumbuka vile vile. Na jirani akimwuliza alikoinunua, humtajia jina lake waziwazi.