Wapangaji wa Tangi la Chini

Kama umewahi kupita korido ya maabara ya baiolojia usiku ukaona taa inawaka chini ya meza, usiwaite walinzi. Hiyo taa ni yetu. Tuko watano, wa ualimu mwaka wa tatu, na ndio tunaotunza tangi la maji ya bahari lililoko pale. Taa ya juu ikizimwa, ya chini inawashwa.

Tangi la juu wengi mnalijua: mawe, nyasi bahari, na samaki wawili wembamba kama penseli, ndugu wa farasi bahari. Wazuri, ila wana shida moja kubwa. Hawana mfuko wa tumbo wa kuhifadhia chakula, kwa hiyo inabidi wale kidogo kidogo mchana kutwa, na wanataka kitu kinachotembea. Chakula cha paketi wanakitazama kama sisi tunavyotazama wali maharage siku ya nne mfululizo. Januari walianza kukonda. Mwalimu anayesimamia maabara akatuambia wazi: hawa wakifa, tangi linaondoka, hapo panawekwa kabati.

Ndipo tukaunganisha tangi la pili chini ya meza. Maji yanashuka kwa bomba, yanapita taratibu kwenye mwani, kisha pampu ndogo inayarudisha juu. Humo samaki haingii. Ni kimbilio: wanyama wadogo wanazaliana bila kuliwa, na baadhi yao, hasa watoto, wanapanda na maji hadi juu kuwa chakula. Mwani nao unafyonza nitrati na fosfati zinazotokana na uchafu wa samaki. Ukijaa tunaupunguza, na uchafu unatoka nao. Kuhusu taa: gizani mimea ya juu inaacha kutumia hewa ya ukaa, hiyo hewa inazidi majini na pH inashuka. Mwani wa chini ukipewa zamu ya usiku, haishuki sana.

Sasa, nani apewe chumba? Hapo tuligombana karibu wiki nzima.

Mshikaji wangu mmoja alitaka kaa, wale wadogo wanaotembea na gamba la konokono mgongoni. "Wanafunzi wa sekondari wakija kutembelea hapa wataona nini? Maji?" Hoja yake si ya kipuuzi. Mtu ambaye ameshasimama mbele ya darasa la watu themanini anajua thamani ya kitu kinachoonekana kutoka dawati la nyuma. Lakini kaa hula karibu chochote anachoweza kukamata. Kumweka humo ni kumkabidhi fisi bucha.

Kiukweli orodha yangu ilikuwa haina mvuto hata kidogo. Wa kwanza kopepodi. Kwa macho ni chembe nyeupe zinazorukaruka kwenye kioo, wengi hawafiki milimita mbili. Ukimweka jike chini ya hadubini unaona mayai yake ameyabeba kwenye vifuko nyuma ya mwili, na hapo ndipo hata mshikaji wangu alinyamaza kidogo. Wa pili amfipodi, waliopinda mgongo, wanaotembea kiubavu-ubavu. Hawa ndio ninaowapenda. Mama anabeba mayai kwenye mfuko chini ya tumbo, na watoto wanatoka wakiwa tayari wanafanana na wazazi, hivyo hawapiti utoto wa kuelea ambao ungewapeleka wote kwenye pampu. Wanakula mabaki na majani yanayooza. Baada yao, konokono wadogo wa kusafisha kioo, basi. Minyoo yenye vinywele imejileta yenyewe na mawe. Tumeiacha kwa sababu inasafisha, ila usiishike kwa mkono mtupu, vinywele vyake vinachoma.

Kuna aliyesema tuweke artemia. Nawaheshimu, maana ndio waliowaokoa samaki wakati tunajenga: mayai yakiwekwa kwenye maji ya chumvi yenye joto, ndani ya saa 24 hivi yanaanguliwa. Lakini asili yao ni maziwa ya chumvi kali yasiyo na samaki. Hawajui kujificha. Kwenye kimbilio lenye pampu wanaisha tu. Ni vitafunwa, si wapangaji.

Kuwapata hao wengine tulikwenda Kunduchi wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali, baada ya kuomba ruhusa kwa viongozi wa ufukwe. Mbudya na Bongoyo hatukugusa, hizo ni hifadhi tangu 1975. Tuliokota mwani uliong'oka na kusukumwa na mawimbi, tukautikisa ndani ya ndoo, tukaurudisha baharini. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchokoa aliitikia shikamoo zetu, akachungulia ndoo, akacheka mpaka akaweka kapu chini. "Wanangu, mmepanda daladala kufuata chawa wa baharini?"

Kazi kubwa ilikuwa kuchambua kwenye sinia jeupe. Vitoto vya kaa vidogo kama punje ya choroko: rudisha. Kamba mwenye mikono kama ya vunjajungu: rudisha haraka, huyo ni muuaji. Konokono mwenye gamba la umbo la pia tulimwacha palepale alipo. Ana mwiba wa sumu, na spishi mojawapo kubwa imeshaua watu.

Leo ni mwezi wa nne. Samaki hawajanenepa, ila hawakondi tena, na mchana kutwa unawaona wakidonoa kwenye nyasi. Kabati halijatajwa tena.

Ugomvi umebaki mmoja. Kuna vikamba vidogo kama uduvi, vinavyoelea kwa makundi, tumeviweka kwenye ndoo ya pembeni yenye kipampu cha hewa. Samaki wetu wanavipenda kupita chochote, na vinaonekana hata ukiwa mbali, kwa hiyo mshikaji wangu anavitaka ndani. Mimi sitaki: vinakula kopepodi, na chakula kikipungua vinakulana vyenyewe. Tumepiga kura, mbili kwa mbili. Wa tano yuko fildi, anarudi Alhamisi.