Matairi ya Shemeji na Kichanga Ndani ya Nyumba

Mmenizoea kwa magauni, madira na udi. Leo nawaandikia habari za matairi, na nyinyi mabibi harusi msiruke, maana linawahusu kuliko mnavyodhani.

Mwaka jana nilikwenda Marekani, jimbo la Georgia, kumwangalia dada yangu aliyejifungua. Mambo ya arubaini mnayajua: maji ya moto, kukanda, uji wa pilipili manga. Lakini nyumba ile kila jioni ilinuka kama tina ya mafundi rangi. Shemeji yangu na mwanawe wa kwanza, wa miaka tisa, wanashindana vigari vidogo vya mbio, wenyewe wanaviita karti, Jumamosi usiku kwenye kiwanja cha udongo mwekundu. Na matairi yanatayarishwa ndani ya gereji ambayo mlango wake unafungukia jikoni.

Kugomba ningeweza. Lakini mimi mgeni, yeye mwenye nyumba, na nilikuwa sijui hata anafanya nini. Nikamwomba anionyeshe.

Wallahi nilipenda. Kwanza alitoa tepu, kama hii yetu ya kushonea, akaizungusha kwenye tairi la nyuma la kulia vile ninavyompima mtu kiuno: inchi 34 na robo. La kushoto, inchi 33. Nikasema, "Shemeji, mbona hazilingani?" Akacheka. Kiwanja ni cha mviringo, wanakata kona kushoto tu. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa, na la nje lina njia ndefu zaidi. Kwa hiyo la nje lazima liwe kubwa. Fundi cherehani haambiwi mara mbili: ni sketi inayopanuka chini, pindo refu kiuno kifupi, ukiilaza mezani inakwenda duara yenyewe. Upepo anatia kidogo, paundi sita au saba tu, na anatia kabla ya kupima, kwa sababu ukiongeza tairi linatanuka na vipimo vyako vimeharibika.

Halafu ana kifaa chenye sindano, anakibonyeza kwenye mpira nacho kinasoma kutoka 0 hadi 100. Namba ndogo, mpira laini. Udongo ukiwa mkavu, mgumu, unateleza, anataka mpira laini unaoshika. Ukiwa na vumbi jingi juu, anachukua tairi lenye michirizi. Lakini usiku unavyokwenda mpira wa matairi unabaki ardhini, njia inakuwa nyeusi na inaanza kushika yenyewe. Hapo tairi laini linapata moto, linang'ang'ania, kigari kinakuwa kizito. Basi analivua anaweka gumu zaidi. Kwa hiyo hakuna tairi zuri la siku zote, kuna tairi la udongo wa saa hiyo.

Sasa ile harufu. Ili kulainisha mpira anaufuta kwa kitambaa chenye dawa, na nyingine anaimimina ndani ya tairi, analiweka juu ya mashine inayoliviringisha polepole kwa saa nyingi mpaka mpira uinywe. Viwanja vingine vinazikataza na vina kifaa cha kunusa matairi. Chao kinaruhusu.

Nikamwambia, "Shemeji, dawa inayopenya mpira wa tairi, kifua cha mtoto wa siku kumi na mbili kitaizuia?" Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Yule mkubwa hana maneno na mimi ila kwenye matairi." Nikaelewa. Dada yangu naye alikuwa amenyamaza miaka, akiona kusema ni kumnyima mumewe starehe. Sikutaka waache.

Tukakubaliana hivi. Mashine na dawa zote ziende kibanda cha nyuma ya bustani. Glovu kila mara. Vitambaa vilivyolowa viwekwe kwenye bati lenye kifuniko, nje. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumshika mtoto, na zisifuliwe na nepi zake. Kijana wa miaka tisa asiguse dawa hata tone. Kazi yake ni tepu, kifaa cha sindano na daftari, na kupiga msasa tairi lililokuwa na ngozi ya kung'aa. Alifurahi kupata daftari kuliko nilivyotegemea, akapiga mistari kwa rula.

Vitu vilihamishwa Jumapili baada ya adhuhuri. Jikoni palichukua siku nne kuacha kunuka, madirisha wazi, na mimi nikamhamishia mzazi chumba cha mbali.

Jumamosi iliyofuata simu ililia usiku, makelele ya injini nyuma yake. "Mama mdogo, udongo umekauka kabisa. Niseme tuweke la 58 au la 52?"

Nikamwambia amuulize baba yake.