Barua kutoka Maskati: mume wa bibi

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, nanyi wa bara mnaonisoma,

Ijumaa iliyopita nilikula mchana Seeb, kwa bibi mmoja mzaliwa wa Mkunazini. Si jamaa yangu. Alinisikia dukani nikihesabu riyali kwa sauti ya chini, kumi na moja, kumi na mbili, akageuka: "Mtoto wa nani wewe?" Tangu hapo mimi ni mwanawe.

Aliondoka Unguja akiwa kigori, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Kule waliambiwa ni Waarabu. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani waliotawanyika ng'ambo warudi, naye akaja na mumewe. Hapa wakaitwa Wazanzibari, kwa ajili ya ulimi. Omani ilikuwa na shule tatu tu, hivyo waliosoma Unguja walipata kazi upesi. Sokoni ilikuwa taabu. Kurani aliisoma vizuri, lakini kuulizia bei ya nguru kwa Kiarabu hakuweza. Ameniambia alikuwa akirudi nyumbani analia.

Kiswahili chake ni kile alichoondoka nacho. Asubuhi hukuambia "sabalkheri". Juzi akisikiliza habari za Dar es Salaam aliniuliza "changamoto" ni kitu gani.

Basi tulipokuwa kwenye halua na kahawa, akaingia mjukuu wake wa miaka sita. "Mume wangu huyo! Umeniletea nini leo, au umekuja kula tu?" Tukacheka sote, isipokuwa mke wa mjukuu wake mkubwa, binti wa Nizwa, asiyejua Kiswahili. Akatafsiriwa. Neno lilimfika, utani ukabaki njiani.

Nyinyi hamhitaji kuelezwa. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na kwa "mume wangu" mtoto hupewa ruhusa ya kumchokoza mtu mzima kwa namna ambayo hathubutu kumfanyia mama yake. Ruhusa ile imo ndani ya maneno yenyewe. Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba lugha ikipotea, desturi zitabaki. Pilau itabaki, naam, na kanga kabatini. Lakini huyu mtoto atamtania bibi yake kwa maneno gani?

Wajukuu wa nyumba ile wanakielewa Kiswahili. Wakijibu, wanajibu Kiarabu. Nawaomba mlio na jamaa huku: mkipiga simu msiishie kwa wazee. Ombeni mpewe watoto, muwasalimu, muwatanie, mngoje wajibu hata kama wanababaika. Tafadhali msikimbilie Kiingereza.

Nilipokuwa navaa viatu, yule mdogo akamvuta bibi yake ushungi.

"Bibi, mume yako ana njaa."

Hakumsahihisha. Tulikuwa tumeshakula na vyombo vimeoshwa, lakini alinyanyuka, akashika magoti yake, akaenda jikoni.