Kasino Yenye Mlango

Ukipanda tuktuk mtaani kwetu Mjambere alfajiri, utabanana na watu wa hoteli: mpishi, mfua shuka, mlinzi, mtunza bustani. Hao ndio wanaozisimamisha hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, na wengi wao hawajawahi kukilalia kitanda wanachokitandika kila siku. Mimi nami sikuwahi kulala ufuoni kama mgeni, hadi harusi ya mpwa wangu ilipotujazia nyumba. Wageni walitoka Lamu kwa mabasi, mikeka ikatandikwa hata jikoni.

Mtoto wa ami yangu, aliyekuja kwa likizo kutoka Muscat, hakutaka kulala sebuleni na watoto. Akatafuta vyumba viwili katika hoteli moja ya bei nafuu upande wa Bamburi. Ilikuwa masika, msimu ambao watalii hupungua na hoteli hukumbuka kwamba wenyeji nao wana pesa. Bei ya mwenyeji ilikuwa ndogo kiasi cha kutia shaka: chumba, chai ya asubuhi, bwawa la kuogelea, na juu ya yote kuponi ya kuchezea kasino iliyokuwa ghorofa ya chini.

“Kaka, hiyo irudishe,” akaniambia palepale mapokezini. “Niliko mimi, hii ni kesi.”

Kweli, sheria ya Oman imepiga kamari marufuku. Nikaitia kuponi mfukoni, nikapanda juu.

Chumba kilikuwa kimechoka. Rangi ilibanduka kwa chumvi ya bahari, kiyoyozi kikikohoa usiku kucha. Lakini maji yalitoka bombani! Anayenunua maji ya mtungi kutoka kwa mkokoteni, kama tunavyonunua sisi, ataelewa kwa nini nilioga hadi nikaona aibu.

Asubuhi mama mmoja aliingia kubadilisha shuka. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitikia, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Mjambere alicheka, maana naye ni wa huko huko, nyuma ya msikiti. Nikamuuliza hoteli inapataje faida kwa bei ile. “Mwanangu, hiki kitanda ni chambo tu,” akasema, akikung’uta mto. “Samaki huvuliwa kule chini.”

Hakuwa amefika Las Vegas, lakini aliieleza sawasawa. Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931, na kwa miongo mingi hoteli za Vegas zilitoa vyumba na vyakula kwa bei ya kutupa, kwa kuwa fedha yenyewe ilikuwa mezani kwenye ruleti na mashine. Wa kwetu wamenakili tu.

Usiku wa pili nilishuka kutazama. Hapakuwa na dirisha wala saa ukutani. Nilikuta wazee wachache wa Kizungu waliohamia pwani, wafanyabiashara, na vijana waliovaa kama waendao harusini. Katikati palikuwa na gurudumu la ruleti lenye nafasi 37: namba 1 hadi 36, na sufuri moja. Ukiweka shilingi 100 kwenye namba moja ikatoka, unalipwa 3,500 na kurudishiwa mia yako. Kwa haki ungelipwa 3,600. Hiyo mia inayopungua ndiyo inayolipa taa, zulia, mishahara, na ile nafuu ya chumba changu. Kwa mwendo mrefu nyumba hubaki na karibu shilingi 2.70 katika kila mia inayowekwa mezani. Hakuna wizi pale, ni hesabu tu. Wala bahati ya mtu haiihusu.

Kilichonivuta zaidi ni jinsi mambo yalivyokwenda polepole. Mlangoni unakaguliwa. Ndani unapanga foleni dirishani, unabadilisha pesa zako kuwa vipande vya plastiki vya kuchezea. Binti anazungusha gurudumu, watu wanangoja mpira utulie, anakusanya, analipa, anaanza tena. Nilimwona bwana mmoja wa makamo ameishiwa. Alijipapasa mifuko, akatoka kwenda kutafuta mashine ya benki. Nami nilikuwa nimetoka kupunga hewa. Alifika langoni, upepo wa bahari ukampiga usoni, akasimama kitambo. Kisha akaita bodaboda. Nilimsikia akimwambia kijana, “Nipeleke Kiembeni.” Akaenda zake.

Nimemfikiria bwana yule mara nyingi. Hakuna aliyemhubiria. Kilichomwokoa usiku ule ni hatua chache za kwenda langoni.

Mjambere hakuna hoteli ya ufuoni, na miaka nenda rudi mawaidha yetu yalielekezwa huko baharini. Mashekhe wametukumbusha Suratul Maida, inayoiweka kamari pamoja na ulevi; wachungaji nao hawakunyamaza. Wazazi walikataza vijana kuvuka barabara ya Malindi usiku. Halafu zikaja mashine za sarafu, zikawekwa hata kwenye vibanda, watoto wakaacha hapo pesa za mandazi. Mwaka 2018 Fred Matiang’i, akiwa waziri wa usalama wa ndani, aliongoza msako wa kuziteketeza. Tukashangilia. Nadhani tulishangilia mapema, maana kamari ilikuwa imekwisha kuingia kwenye simu.

Kaa maskani jioni, utaona. Kijana ameinamisha kichwa, kidege chekundu cha Aviator kinapaa kwenye kioo, namba inapanda, na asipotoa pesa yake kabla kidege hakijatoroka, imekwenda. Spribe, kampuni iliyotengeneza mchezo huo, inasema hurudisha asilimia 97 ya dau kwa mwendo mrefu. Linganisha na ruleti, inayorudisha kama asilimia 97.3: hesabu ni karibu ile ile. Tofauti ni mwendo. Raundi huisha kwa sekunde kadhaa, hakuna wa kukukagua, na M-Pesa imo ndani ya simu hiyo hiyo. Pesa ikiisha, wapo wanaokimbilia mkopo wa Fuliza, na pesa yoyote itakayoingia baadaye hukatwa deni kwanza. Huyu atafikia lango gani apigwe na upepo?

Serikali imeanza kuamka. Aprili 2025 bodi ya leseni za kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo rais akatia saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, iliyoandikwa kabla simu ya mkononi haijazaliwa. Ni hatua njema, ila sheria haikai maskani.

Sisemi kasino ya hoteli ni kitu chema. Kuponi yangu niliiacha mezani pa mapokezi siku ya kuondoka, na mtoto wa ami akafurahi kuliko alivyofurahia harusi. Nasema tumelinda upande mmoja tu.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu wa Mjambere, Mtopanga na Magogoni, kijana wenu akianza kukosa nauli katikati ya mwezi, msimuulize alikesha hoteli gani. Ketini naye, mfungue pamoja taarifa yake ya M-Pesa, muisome mstari kwa mstari, bila kelele. Fanyeni hivyo wiki hii.