Kushuka na Ruvuma kwa Harufu ya Kahawa

Mto Ruvuma huanzia kwenye milima ya Matagoro, jirani na mji wa Songea, ukaenda kumwaga maji yake baharini baada ya kilomita zipatazo 800, kusini mwa Msimbati, kwenye mikoko inayotazamana na Msumbiji. Kahawa ya kusini nayo ina juu na chini yake. Inalimwa kwenye vilima vya Umatengo, wilayani Mbinga, magharibi ya Songea. Wanaoipenda kwa mazungumzo ya jioni wako vibarazani Mtwara na Mikindani, ambako hakuna hata mbuni mmoja wa biashara. Nilishuka njia hiyo kutoka mtini hadi kikombeni, nione ladha inabadilikia wapi.

Mbinga mwezi wa Julai ni baridi ya koti. Mvua za huku ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba, zinakoma Aprili, kisha jua kavu na upepo mkali hushika zamu. Mibuni mingi imepandwa kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwenye baridi ya namna hiyo tunda haliivi haraka. Linakaa mtini wiki nyingi zaidi, mbegu inajaa sukari, inakuwa ngumu na nzito. Ndiyo maana arabika ya milimani ina ule uchachu mwepesi unaowasha ulimi pembeni, ambao kahawa ya joto haiupati.

Wamatengo ni wakulima wa miteremko mikali. Mahindi, maharage na ngano wanayalima kwa ngoro, mashimo ya mraba yaliyopangana kama sega la asali, ambayo hushika maji ya mvua yasibebe udongo kwenda bondeni. Kahawa iko karibu na nyumba, mara nyingi chini ya migomba; iliingia huku miaka ya 1920.

Ukiuliza wenyeji kwa nini kahawa yao inasifiwa, wengi watakujibu kwa neno moja: udongo. Nafikiri udongo unasifiwa kupita kiasi. Katika mtambo mmoja wa kuchakata kahawa, niliwakuta akina mama wakimwaga matunda mekundu kwenye pipa la maji. Yaliyoelea waliyaopoa na kuyatenga. Yaliyozama yakaenda kwenye mashine ya kumenya, kisha mbegu zikalazwa kwenye matangi zichachuke usiku kucha. Asubuhi mzee msimamizi aliingiza mkono, akachota konzi moja, akaisugua kati ya viganja.

“Bado inateleza, baba. Ulenda haujaisha,” alinieleza.

Baadaye alirudia. Safari hii zilikwaruza, akaamuru zioshwe. Zingeachwa nusu siku ya ziada, kahawa yote ya tangi lile ingenuka siki, na hakuna mlima ambao ungeiokoa. Baada ya kuoshwa hutandazwa kwenye meza za waya, inageuzwageuzwa, inachambuliwa kwa mkono, inafunikwa jua la saa sita likiwa kali. Hapo ndipo msimu mmoja wa mvua unapokuwa baraka: mavuno yanaanguka kwenye miezi mikavu, na kahawa inakauka bila kunyeshewa. Wenzao wa Kilimanjaro, wenye mvua za masika na za vuli, hawana uhakika huo kila mwaka.

Kilimanjaro ndiko arabika ilikopata jina. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1933 wakulima wakaunda chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kagera ni hadithi nyingine kabisa. Huko zaidi ni robusta, iliyokuwa ya Wahaya kabla Mzungu hajaonekana: matunda mabichi yalichemshwa pamoja na majani ya dawa, yakakaushwa, mgeni akakaribishwa kwa kutafuna. Hadi leo robusta nyingi ya Kagera hukaushwa pamoja na maganda yake, na kafeini yake inakaribia mara mbili ya ile ya arabika. Kikombe chake ni kizito, kichungu, hakina uchachu. Kwa hiyo mtu akisema “kahawa ya Tanzania ina ladha fulani”, muulize kwanza ametoka kunywa ipi.

Wajapani wamelimaliza swali hilo kwa njia yao. Kwa kanuni za biashara ya kahawa nchini kwao, jina “Kilimanjaro” linaweza kuandikwa kwenye pakiti ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, huko Kagera. Maana yake kahawa iliyooshwa Mbinga, mamia ya kilomita kutoka kwenye theluji yoyote, inaweza kunywewa Tokyo kwa jina la mlima ambao mkulima wake hajawahi kuuona. Nilimsimulia yule mzee wa matangi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bei nayo ni ya Kilimanjaro.

Kutoka Songea barabara inashuka kwa zaidi ya kilomita 600: Namtumbo, Tunduru, Mangaka, Masasi. Basi linayapita malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanayoelekea bandarini Mtwara. Koti nililivua kabla ya Tunduru. Mibuni ilikuwa imekwisha muda mrefu nyuma, na mikorosho ikaanza, kwanza mmoja mmoja, kisha mashamba kwa mashamba hadi uwanda wa Makonde. Huko Newala na Tandahimba ardhi ni mchanga unaomeza maji yote, na uwanda wenyewe haufiki mita 1,000. Mkorosho unaona raha. Arabika ingeivisha matunda yake mbio mbio, mepesi na bila ladha, kama isingeuawa kwanza na kutu ya majani.

Mtwara mjini joto lina chumvi. Bandari yake ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya ule mpango wa Waingereza wa karanga ulioanza 1947 na kuporomoka ndani ya miaka michache. Siku hizi inaishi kwa korosho, saruji na makaa ya mawe. Jioni, karibu na soko, muuza kahawa alikuwa ameketi nyuma ya jiko la mkaa, birika juu yake, vikombe vidogo vikiogelea kwenye ndoo ya maji, kashata za karanga kwenye sinia. Wazee wanne walikuwa kwenye benchi, bao likiendelea.

“Shikamoo mzee. Kahawa yako inatoka wapi?”

“Marahaba. Inatoka dukani.”

Benchi zima lilicheka. Kisha akanieleza kwa uzito. Anachanganya ya Bukoba na ya Songea, ya Bukoba ikizidi, kwa sababu ndiyo yenye nguvu. Anakaanga mwenyewe kwenye kikaango, mpaka inakuwa nyeusi na mafuta yanatoka juu, anaitwanga kwenye kinu, anaichemsha na tangawizi. Hii ya Songea ina harufu nzuri, alisema, lakini ukiikaanga namna hii harufu inaondoka na moshi. Na asipoikaanga namna hii, wateja wataikataa.

Nilikunywa. Uchachu wa Mbinga sikuuona popote, ulikuwa umeungua wote. Kilichobaki ni uchungu, tangawizi na utamu wa kashata, na kwa joto lile kilikuwa kinywaji sahihi. Wapo watakaoita hii ni kuharibu kahawa nzuri. Lakini pwani ilikunywa kahawa iliyoletwa na majahazi muda mrefu kabla ya mbuni wa kwanza kupandwa Umatengo, na imejichagulia ladha yake.

Na pwani ina kahawa yake ya asili, ingawa hao wazee hawakupata kuinywa. Mwaka 1790 Mjesuiti wa Kireno, João de Loureiro, aliipa jina la kisayansi Coffea zanguebariae: mbuni wa misitu ya chini ya pwani ya Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, wenye mbegu ndogo. Ng'ambo ya Ruvuma, kilomita 200 hivi kusini, watu wa kisiwa cha Ibo bado wanakunywa kahawa ya jamii hiyo; wataalamu wengine huiita zanguebariae, wengine racemosa. Sikuvuka. Cabo Delgado imekuwa na vita tangu 2017.

Mwaka 2021 wataalamu, wakiwemo wa bustani ya Kew ya London, walichapisha utafiti juu ya aina hizo mbili. Zinastahimili joto na kiangazi, na kutoka ua hadi tunda bivu zinatumia muda mfupi kuliko arabika. Hiyo si habari ya kupuuza. Utafiti wa 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulikadiria kwamba kila joto la usiku linapopanda kwa nyuzi moja, hekta inapoteza kilo 137 za kahawa. Wakulima wa milimani wanaweza kupanda mibuni juu zaidi, lakini vilima vya Umatengo vina vilele.

Niliwasimulia wazee wa benchi juu ya kahawa ya Ibo: inaota kwenye joto kama hili, karibu na bahari, haihitaji baridi ya Mbinga, na inajulikana kwa kafeini yake kidogo. Muuza kahawa alikuwa ananisikiliza vizuri mpaka hapo mwisho.

“Haina nguvu?” aliuliza. “Sasa mtu ataamkia nini?”

Akamjazia kikombe jirani yangu, akapokea sarafu zake, na mzee wa upande wa pili akasema kama bei yake ni ndogo, yeye angeijaribu.