Matope ya Julai

Watu wa Nairobi hulalamikia baridi ya Julai kama vile wao ndio walioigundua. Waje Eldoret. Huku tuko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na Julai si ile baridi kavu ya kuvaa jaketi upige picha. Ni baridi na mvua pamoja. Mahindi yamekupita urefu, barabara za udongo zimegeuka uji, na saa kumi na moja asubuhi ukigusa komeo la mlango unatamani kurudi kitandani.

Huo ndio msimu wangu wa kukimbia. Si Januari, wakati anga ni safi na kila mtu ana azimio la mwaka mpya. Julai.

Niliupata ugonjwa huu shuleni, kwenye mbio za nyika. Kwa wenzetu wa Ulaya huo ni mchezo wa majira ya baridi: mashamba yaliyolowa, vilima, matope hadi magotini. Hakuna anayekuuliza ulitumia dakika ngapi, maana hakuna njia mbili zinazofanana. Ndiyo maana niliupenda. Uwanjani saa inakusuta kila mzunguko. Kwenye matope unashughulika na mguu unaofuata tu. Na bana, huu mchezo tuliumiliki: timu yetu ya wanaume ilitwaa ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo, 1986 hadi 2003. Mwaka 2007 mashindano ya dunia yakapelekwa Mombasa, mwezi wa Machi, na jua la Pwani likawachapa watu hadi Kenenisa Bekele mwenyewe akaacha mbio njiani. Mimi naona ilikuwa haki. Mbio za nyika hazipelekwi mahali ambapo hata kukaa kivulini kunatoa jasho.

Lakini jaribu kuwaambia watu wa huku kwamba unakimbia kwa kupenda tu. Eldoret kukimbia ni kazi, kama kulima ngano. Hata watoto wanaweza kukuonyesha ghorofa zilizojengwa kwa pesa za marathoni. Kwa hivyo nilipomaliza kidato cha nne na miguu ikiwa bado ina ahadi, Baba aliuza ng'ombe. Mmoja, yule wa maziwa mengi. Nikanunuliwa raba pea mbili na kulipiwa kukaa kambini upande wa Kaptagat.

Nilikaa miaka miwili. Nilikuwa mzuri, lakini Kaptagat kila mtu ni mzuri. Huko hata anayebaki nyuma kwenye mazoezi angeshinda mbio za kaunti nyingine. Mwanzoni mwa 2019 nikapanda matatu ya Nairobi, nikapata kazi kwenye duka la M-Pesa. Oktoba 12 mwaka huo Eliud Kipchoge akakimbia Vienna kwa 1:59:40. Nilitazama kwenye simu nikiwa nyuma ya kaunta, machozi yakanitoka, wateja wakadhani ni furaha. Nusu ilikuwa furaha.

Sikukimbia tena kwa miaka sita. Sikuwa na jeraha lolote. Kukimbia ilikuwa kazi iliyonikataa, na nani hurudi kwa mwajiri aliyemfuta ili amfagilie ofisi bure?

Kilichonirudisha ni ajira tu. Ofisi niliyohamia ilifungua tawi Eldoret, nami nikarudi kuishi nyumbani, njia ya Naiberi. Asubuhi moja ya Julai niliamka kabla ya simu kulia, nikasikia mvua ikipungua juu ya mabati, na miguu ikajua kabla yangu. Raba za zamani zilikuwa chini ya kitanda, zimekakamaa. Mikononi nikavaa soksi.

Kilomita ya kwanza ilikuwa matusi matupu. Kifua kinawaka, pua inatiririka, kila raba imebeba udongo kilo nzima. Majani ya mahindi yaliyolowa yanakuchapa mikono kama mwalimu wa zamu. Halafu, karibu na mikaratusi, nikasikia kundi likija nyuma, vijana kama ishirini hivi wa kambini. "Twende, madam," mmoja akasema, wakanifungulia nafasi katikati. Nilidumu nao labda mita 200. Wakapotea kwenye ukungu, nami nikabaki nacheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Zamani kuachwa hivyo kungeniharibia wiki nzima.

Siku hizi namfikiria sana Philip Boit. Huyu ni mtu wa huku, mkimbiaji wa mita 800 aliyefadhiliwa na Nike kwenda Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji. Olimpiki ya baridi ya Nagano, 1998, alimaliza wa 92 katika kilomita 10, wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri pale mwisho, akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina hilo: Dæhlie. Watu huku wanaisimulia kama kichekesho. Mimi kinachonishika ni sehemu wasiyoisimulia: alirudi Salt Lake City 2002, akarudi tena Torino 2006.

Nyumbani, shida ilianza na maziwa. Niliona kikombe changu kimejazwa zaidi ya vya wengine. Wiki ya pili kukawa na mursik. Wiki ya tatu nikakuta raba zangu zimeoshwa na kuwekwa karibu na jiko zikauke, na nikajua si Mama.

Jumapili jioni Baba akauliza, "Kocha anasema nini?"

"Hakuna kocha, Baba."

"Na mbio ni ya lini?"

"Hakuna mbio."

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. "Kwa hivyo unakimbia tu."

"Nakimbia tu. Baba, yule ng'ombe..."

"Ng'ombe niliuza mimi," akasema. "Wewe hukuwa sokoni."

Tukanyamaza. Mvua ilikuwa imeanza tena.

"Sasa kama hakuna mbio," akasema, "kwani lazima utoke saa kumi na moja? Mbwa anaamsha boma lote."

Nikamweleza kwamba saa mbili natakiwa niwe ofisini, na matatu za asubuhi anazijua.

"Basi uwe unamfunga mbwa kwanza."